Gari la Mzee Limeliwa na Kutu: Ulifufue au Uliache Lipumzike?

Ukizunguka mashambani huku kwetu hutakosa boma lenye gari ambalo halijawaka tangu enzi za mzee. Liko chini ya mwembe au nyuma ya ghala, tairi zimeisha pumzi, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na nambari yake ni zile za kabla ya KAA. Mara nyingi ni Peugeot 504. Kila Desemba watu wakirudi ushago, kuna mmoja atalizunguka, apige boneti kwa kiganja na kusema, "Hii gari mkiitengeneza itatembea." Ikifika Januari, mmoja wenu ameanza kutumia fundi pesa.

Kwetu sisi tunaoshughulika na malipo, hadithi hizo hutufikia zikiwa zimegeuka maswali. Je, dipositi niliyomtumia fundi miezi mitatu iliyopita inaweza kurudishwa? Nitapataje orodha ya pesa zote nilizotuma kwa nambari fulani? Ukiuliza zaidi unapata picha: gari limefunguliwa nusu, madigadi yako kwa fundi mmoja, injini kwa mwingine, na hakuna anayejua bei ya mwisho itakuwa ngapi.

Hatuandiki kukukataza. Kuna magari ya zamani yanayostahili kila shilingi. Tunachotaka ni uamue kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, na uamue ukiwa umeona kitu kinachoamua jambo lenyewe, yaani kutu.

Kwa nini watu wanashindwa kuiachilia 504

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa taji la Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Lakini huku hakuna aliyeipenda kwa sababu ya taji hilo. Iliheshimiwa kwa matope. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akarudia kwa 504 kupe yenye injini ya V6. Wazee wetu waliiita Pijo. Ile ya kubeba familia, yenye safu tatu za viti, ilikuwa teksi ya masafa marefu, na ikiwa umezaliwa miaka ya themanini pengine ulifika shule ya bweni ukiwa umebanwa kwenye safu ya nyuma na sanduku lako. 504 ziliunganishwa hapa hapa Kenya hadi mwaka 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuhamia modeli nyingine.

Tunataja haya kwa sababu yanagusa mfuko. Gari lililokuwa jingi nchini lina mafundi wanaolijua na vipuri vinavyopatikana, vipya au vya kuchomolewa. Injini yake ya petroli ya kabureta haina kompyuta. Ikiwa imekwama kwa kukaa, makanika mzuri ataifungua na kukuambia ukweli ndani ya siku chache. Kwa hivyo mtu akikuambia "injini ni nzima, hapo hakuna kazi," ujue amekujibu swali rahisi. Injini hutolewa ikarudishwa. Bodi haitoki.

Kutu inakula wapi

Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaanza kurudi udongo. Chumvi inaharakisha mambo, ndiyo maana gari lililokaa Likoni au Kilifi kwa miaka 10 linaweza kuwa limeoza kuliko lililokaa Nanyuki kwa 25. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hivyo huvimba na kuisukuma rangi. Ule uvimbe mdogo kama kipele unaouona chini ya mlango mara nyingi umeanzia ndani. Ukiuona nje, upande wa pili kazi iliisha zamani.

Jambo moja hushangaza watu wengi: turubai. Familia inayoliheshimu gari la mzee hulifunika turubai na kulifunga kamba. Unyevu unaotoka ardhini unapanda, unakosa pa kutokea, na gari linachemka humo ndani mchana na kutoa jasho usiku. Tumeambiwa na mafundi zaidi ya mmoja kwamba gari lililoachwa wazi kwenye upepo wakati mwingine hupona kuliko lililofunikwa namna hiyo. Majani ya mti nayo huziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele na chini ya milango, na mlango unageuka karai.

Sasa, si kutu zote ni sawa. Sisi tunaigawa mara mbili: kutu ya ngozi na kutu ya mifupa.

Ngozi ni boneti, milango, kifuniko cha buti, madigadi ya mbele. Hivi hufunguliwa kwa spana. Vikioza vinasikitisha macho lakini unaweza kutafuta vingine, na gari halitaanguka kwa sababu mlango una tundu.

Mifupa ni hadithi nyingine. 504 salun haina chesisi ya kujitegemea kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu: injini, shoka, viti na nyinyi mlio ndani. Kwa hivyo angalia ile sehemu ndefu chini ya milango unayoikanyaga ukiingia, pande zote mbili. Angalia sakafu pale viti na mikanda ya usalama vimefungwa. Fungua boneti uangalie pale juu ambapo shoka za mbele zimefungwa kwenye bodi, maana 504 hubebea uzito wote wa mbele hapo. Kisha nenda nyuma, pale mikono ya magurudumu ya nyuma imeshikiliwa.

Kwa Land Rover za zamani mambo ni kinyume. Bodi yake ni ya alumini, kwa hivyo inaweza kung'aa huku chesisi ya chuma iliyo chini imekuwa kama biskuti iliyolowa chai. Tumeona watu wakinunua rangi.

Asubuhi moja, bisbisi na sumaku

Ukaguzi wa kwanza unaweza kuufanya mwenyewe, kabla ya kumwita yeyote anayetaka kulipwa. Chukua bisbisi nene, sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa, tochi, jeki, na simu yenye nafasi ya picha.

Anza kwa kung'oa kapeti zote. Usizikunje pembeni, zitoe. Kapeti yenye maji ni habari tosha. Piga sakafu kwa mpini wa bisbisi ukisikiliza: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama kiazi. Pale palipojibu vibaya, geuza bisbisi na usukume kwa nguvu za kweli. Watu hugusa gusa kwa huruma kisha wanasema ni nzima. Gari halitaumia, kwa sababu kama bisbisi imepita, basi hapo hapakuwa na chuma bali rangi na kumbukumbu.

Sumaku ni ya kutafuta fila. Ipitishe polepole kwenye madigadi, chini ya milango, kandokando ya vioo. Ikiachia ghafla, kuna fila nene hapo, na chini yake kuna shimo ambalo mtu alilificha. Angalia pia lami nyeusi iliyopakwa chini ya gari. Ikipakwa juu ya chuma safi inalinda, ikipakwa juu ya kutu inaifungia ndani na maji yake. Ikwangue mahali pawili patatu uone.

Kisha jaribio tunalolipenda kuliko yote, na halina gharama. Fungua na ufunge milango minne, ukiangalia nafasi kati ya mlango na bodi. Weka kipande cha ubao juu ya jeki, inua upande mmoja, halafu fungua milango tena. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama au nafasi ikibadilika, gari linajikunja katikati. Mifupa imelegea. Na tafadhali, usijiingize chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Gari lililooza linaweza kuachia jeki ipenye sakafu, na hapo hakuna wa kukuita.

Piga picha kila tundu. Utazihitaji kwenye kikao cha familia na utazihitaji zaidi ukianza kupata makadirio, kwa sababu fundi anayeangalia picha 30 za chini ya gari hawezi kukutajia bei ya rangi peke yake.

Msimamo wetu ni huu. Ngozi ikiwa imeoza na mifupa ni mizima, endelea na hesabu. Mfupa mmoja au miwili ikiwa imeliwa, kama sakafu ya upande mmoja na sehemu ya chini ya mlango, bado inawezekana kwa fundi wa bodi anayejua kazi. Lakini bisbisi ikipita chini ya milango pande zote mbili, ikapita pale shoka za mbele zinaposhikwa, na nyuma pia, hapo utakuwa unajenga gari jipya ukifuata umbo la zamani. Kuna watu wanafanya hivyo na matokeo yake huonekana kwenye Concours d'Elegance, maonyesho ya magari yaliyoanza Nairobi mwaka 1970. Ni kazi nzuri. Ni kazi ya mtu mwenye pesa ya kuchezea.

Kabla ya fundi, logbuku

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo penye moto. Gari liko kwa jina la nani?

Kama ni la mzazi aliyefariki, si lako hadi mirathi ikamilike, hata kama wewe ndiye uliyekuwa ukiliosha kila Jumapili. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kujiingiza kwenye mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Kuliuza, hata kama chuma chakavu, bila hati ya mahakama kunaweza kukuletea kesi kutoka kwa ndugu yako mwenyewe. Safari huanza kwa barua ya chifu, inaenda mahakamani, na hati ikithibitishwa ndipo NTSA inaweza kubadilisha jina. Kuweka laki kadhaa kwenye gari ambalo kisheria ni la watoto sita ni kuwapa wenzako watano zawadi ambayo hawakuomba, kisha kuanza kudai shukrani.

Huduma za NTSA siku hizi ziko eCitizen, na ada zake hulipwa kwa paybill 222222. Mtu akijitambulisha kama ajenti na kukuomba utume ada ya serikali kwa nambari yake binafsi, simama hapo hapo. Kumbuka pia kwamba ukibadilisha injini au rangi, logbuku lazima ilingane na gari, kwa hivyo NTSA inapaswa kujua. Bima ya watu wengine ni ya lazima chini ya Sura ya 405, iwe gari ni la mwaka huu au la 1979. Ile bima kubwa inayolipia gari lenyewe ni ngumu kuipata kwa gari la umri huu, kwa hivyo uliza kampuni ya bima mapema, usingoje hadi rangi ikauke.

Hesabu ambayo fundi hatakufanyia

Chukua karatasi. Kwanza tafuta bei ya 504 inayotembea vizuri mahali ulipo. Uliza watu watatu, na angalau mmoja awe ni mtu asiyetaka kukuuzia. Nambari tunazoweka hapa ni za mfano tu, si bei za soko, weka zako.

Tuseme bei hiyo ni shilingi 350,000. Sasa makadirio ya kulifufua la kwako: bodi na kuchomelea 180,000, rangi 90,000, injini 70,000, breki na tairi 60,000, viti na waya 40,000. Jumla ni 440,000. Ongeza theluthi moja kwa kutu ambayo bado hujaiona, kwa sababu ipo. Hiyo ni kama 147,000. Umefika 587,000.

Toa 350,000. Kinachobaki, 237,000, tumezoea kukiita bei ya kumbukumbu. Ni pesa ambayo hutairudisha ukiuza kesho. Unailipa kwa sababu ni gari la baba, na hiyo ni sababu halali kabisa, mradi uiseme kwa sauti na walio kwenye hesabu waisikie. Watu hukosana kwa sababu mmoja anafikiri wanawekeza na mwenzake anafikiri wanaomboleza.

Usilinganishe pia na ndoto. Linganisha na kile ambacho 587,000 ingefanya mahali pengine. Wengi watakuambia ununue gari la kutoka Japani. Sawa, lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na ushuru unajulikana, kwa hivyo kiasi hicho kitakupeleka zaidi kwenye soko la mitumba ya humu nchini kuliko bandarini. Hilo nalo lina kutu zake.

Halafu kuna swali la muda. Ukiweka akiba ya 15,000 kwa mwezi, 587,000 itachukua zaidi ya miaka mitatu. Watu wengi hawangoji. Wanafungua gari leo na kulipa kidogo kidogo. Shida ni kwamba chuma kilichokwanguliwa rangi na kuachwa nje kinaanza kubadilika rangi mvua ya kwanza tu ikinyesha. Unalipia kukwangua leo, unalipia tena mwaka ujao. Kwa hivyo ushauri wetu ni kinyume cha desturi: weka akiba kwanza kwenye mfuko wa malengo kwenye simu, na usiguse bodi hadi pesa yote ya awamu ya bodi, kutoka kukwangua hadi praima, iwe imetimia. Injini inaweza kungoja kwenye kona. Chuma kilicho uchi hakiwezi.

Mteja wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Machakos, alituruhusu tusimulie kikao chao bila kumtaja jina. Ndugu ni watano, baba alifariki akiacha 504 salun na mama bado yuko bomani. Kaka mkubwa alikuwa tayari amepata fundi na kikundi cha WhatsApp kilikuwa kimeshaanza kuchanga. Kisha dada yao anayefanya kazi Saudia, ambaye mchango wake ndio ulikuwa mkubwa, akaandika: "Kaka, hiyo pesa si ingemaliza paa la mama kwanza?" Kikundi kilinyamaza siku mbili.

Mwalimu alifanya kitu kizuri. Hakubishana. Aliingia shambani Jumamosi na bisbisi, akatuma picha. Sakafu ya nyuma ilikuwa nzima. Pale shoka ya mbele kulia inaposhikwa, vidole viwili vilipita. Mama alipoulizwa, akasema hana haja ya kupanda gari lolote, lakini lisitolewe bomani angali hai. Mirathi nayo haikuwa imeanza, na hakuna aliyekuwa akiitaja.

Waliamua jambo ambalo hatulisikii mara nyingi, kwa sababu watu hufikiri chaguo ni mawili tu. Hawakulifufua wala hawakuliuza. Walilizuia kuoza. Waliliinua juu ya mawe ili lisikae kwenye nyasi, wakajenga kibanda cha mabati kisicho na kuta, wakatoa kapeti na viti, wakazibua matundu ya maji, wakafuta udongo ndani ya madigadi, wakakwangua kutu legevu kwa brashi ya waya na kupaka praima, kisha wakapaka mafuta sehemu za ndani zisizofikika. Kazi ya wikendi mbili. Pesa iliyobaki ilienda kwenye paa, na wakapeana miaka miwili ya kumaliza mambo ya mahakama kabla ya kulizungumzia gari tena.

Ukiamua kulifufua, lipa hivi

Tuseme hesabu imekubali na logbuku ni safi. Tafuta fundi wa bodi kwa kazi zake za nyuma, na omba kuona gari alilolichomelea miaka miwili iliyopita. Lililotoka jana linameta kwa kila mtu.

Muulize atatumia shiti ya geji gani. Jibu zuri ni geji 18 au 20. Kwenye geji, nambari ikiwa kubwa chuma ni chembamba, na mabati ya nyumba mara nyingi ni geji 28, 30 au 32. Kuna magari barabarani yamezibwa kwa mabati ya paa. Muulize pia kama atakata kutu hadi afikie chuma kizima au atachomelea juu yake. Ukichomelea kiraka juu ya kutu, kutu haisimami, inapata tu paa. Na kabla ya moto wowote, betri ichomolewe na tangi la mafuta liondolewe. Fundi akicheka swali hilo, mshukuru na uondoke.

Pesa igawanye sehemu mbili tangu mwanzo: vifaa na ufundi. Vifaa vilipie mwenyewe moja kwa moja dukani kwa nambari ya till, hata ukiwa mbali. Fundi akiwa dukani Kirinyaga Road akupigie, uzungumze na muuzaji, ulipe, na risiti ipigwe picha. Jina la biashara litatokea kabla hujathibitisha, lisome. Fundi mwaminifu hatakasirika, kwa kweli wengi wanapenda hivyo kwa sababu inawaondolea lawama.

Ufundi ulipe kwa awamu zinazoonekana kwa macho. Awamu ya kwanza ni kufungua na kukwangua tu. Gari likiwa uchi, nendeni mkalione pamoja, halafu ndipo mkubaliane bei halisi ya kuchomelea, maana makadirio ya kwanza yalikuwa kubahatisha kwa pande zote mbili. Awamu ya pili ni kuchomelea, na hiyo uione kabla ya fila. Tunarudia kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea: usilipie kuchomelea ambako tayari kumefunikwa fila. Ukiwa mbali, mpigie simu ya video azungushe kamera polepole. Baada ya hapo praima na rangi, na mwisho salio unapochukua ufunguo.

Epuka mtindo wa "nitumie ya wiki hii" kila Ijumaa. Si kwamba fundi ni mwizi. Pesa isiyo na awamu huingia kwenye chakula cha mchana, kodi ya karakana na gari la mteja mwingine anayepiga kelele zaidi yako. Mafundi nao wana malalamiko yao, na ni ya haki: wateja huleta gari, hulipa dipositi, halafu hupotea miaka miwili huku gari limeziba nafasi ya kazi. Andikeni kwenye meseji kiasi cha awamu, kazi yenyewe, tarehe, na gari likikaa bila kulipiwa litakaa kwa masharti gani. Meseji hiyo pamoja na jumbe za uthibitisho wa malipo ndio mkataba wenu.

Na kwa swali tulilotaja mwanzoni: huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyetuma kwa nambari isiyo sahihi na akaripoti haraka. Haiamui ugomvi wa kazi mbovu. Ukishatuma kwa fundi uliyekusudia kumtumia, mfumo unahesabu kwamba umelipa. Taarifa ya malipo yako yote kwa nambari hiyo, hata hivyo, unaweza kuipakua wakati wowote, na ni ushahidi mzuri mbele ya chifu au mahakama ya madai madogo.

Ukiamua kuliachilia

Usiite gari la chuma chakavu moja kwa moja. Kwenye mizani, 504 ni kilo tu, zaidi kidogo ya tani moja. Ikifunguliwa, ni injini, giaboksi, milango, taa, vioo na rejeta ambavyo mtu mwenye 504 hai anavitafuta. Hata ekseli ina soko, maana mikokoteni mingi ya punda unayoiona inatembea kwa ekseli na magurudumu ya magari ya zamani. Tangaza vipande kwa wiki chache kwanza.

Mabaki yauze kwa mnunuzi mwenye leseni chini ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Biashara hii inaangaliwa kwa karibu, na mwaka 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa baada ya vifaa vya umeme kuharibiwa. Mpe nakala ya logbuku na kitambulisho, naye akupe maandishi ya alichochukua. Ng'oa nambari za gari ubaki nazo, na uiarifu NTSA ili gari lisiendelee kuwa kwa jina lenu huku vipande vyake vinasafiri.

Shuhudia mizani ikisomwa. Omba ulipwe kwa simu ili kuwe na kumbukumbu, na lori lisitoke langoni kabla pesa haijaingia. Ujumbe ukiingia, soma jina la mtumaji na kiasi, kisha fungua programu uangalie salio lako, kwa sababu meseji bandia huandikwa vizuri sana siku hizi.